Siku Niliyoufuata Mkono wa Baba Mkubwa

Nilikuwa nimesimama kando ya pikapu yangu, funguo mkononi, nilipomsikia katekista wa Bisibo akiwaambia waombolezaji kwamba marehemu baba mkubwa ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Alikuwa anasema kwa ile sauti ya msibani, laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto, kwamba Mzee Sebastiani alikuwa mtu wa maendeleo. Kwamba enzi ambazo huku kwetu mwanamke kushika usukani lilikuwa jambo la kuchekwa, yeye alisimama mtoni mbele ya watu wote akamwongoza binti yake kwa mkono wake mwenyewe. Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami akanishika bega akasema, "Pole sana, dada. Umepoteza mwalimu." Nikamjibu asante. Nilisema asante kwa sababu nililelewa vizuri, na hasira ninayoiandika hapa ni hasira ya mtu aliyelelewa vizuri.

Alisimama mtoni, hilo ni kweli. Aliinua mkono, hilo nalo ni kweli. Na mimi niliufuata ule mkono nikalitumbukiza gari shimoni mbele ya kata nzima, nikakosa kazi niliyoitaka kuliko kitu chochote, na kabla mwaka haujaisha nikawa nimeolewa Bugarama na mtu ambaye sitamtaja jina katika sura hii wala nyingine. Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa na marehemu. Lakini miaka yote iliyofuata, kwenye kila harusi, kila kipaimara, kila mahali palipokuwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi, na watu wa kumsikiliza, baba mkubwa alisimulia habari ya mto ule kwa furaha, akiigiza kwa fimbo jinsi alivyokuwa akiniita. "Nikamwambia njoo, akaja! Gari likanywa maji mpaka likashiba!" Watu wanacheka. Halafu anamalizia, "Lakini leo mnamwona, dereva mzima. Nani alimfundisha?" Nami nilikuwa nimekaa hapo na sahani yangu, nikitabasamu kama niliyelipwa. Alipokufa kwa mwanawe Nestori pale Bisibo, alikopelekwa ili awe karibu na hospitali ya Biharamulo, nililia kweli, sikatai. Alinilisha tangu nikiwa mdogo. Ila machozi hayakuifukuza hasira. Vilikaa pamoja ndani yangu kama wake wenza wasiosemeshana, na katekista alipofungua mdomo, hasira ndiyo iliyosimama.

Kwa nini nililelewa nyumbani kwake Murusagamba ni habari ndefu na si ya leo. Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza shule, nimepata kazi ya kutunza ghala la mradi uliokuwa unagawa mbegu za muhogo, maana ugonjwa wa batobato ulikuwa umekausha mashamba ya watu mpaka mpakani na Burundi. Nililala chumba cha stoo. Kitanda changu kilikuwa katikati ya magunia ya maharage na chungu ya mihogo mikavu, na harufu ya muhogo iliingia hata kwenye sare ya kanisani. Nilikuwa nikipiga magoti kuomba, najisikia mwenyewe nanukia kama jiko. Ukuta wa chumba kile haukufika kwenye bati. Kila kilichosemwa sebuleni kilipanda juu, kikavuka, kikaniangukia. Kwa njia hiyo nilijua bei za watu, magonjwa ya watu, na nani amemkosea nani, na kwa njia hiyo jioni moja nilijua kwamba kuna watu wamekuja kuniposa.

Walikuwa wazee watatu kutoka Bugarama, na mtungi wa rubisi ulikuwa katikati yao. Niliisikia mirija ikikoroma. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia, napukuchua maharage kwa vidole bila taa. Mmoja wao alikuwa na sauti nzito, akauliza, "Tumesikia binti anajifunza gari. Ni gari gani hilo?" Baba mkubwa akasema ni la mradi, kwamba mradi unatafuta dereva wa kupeleka mbegu vijijini, na mimi nimeshapata leseni Biharamulo mjini. Mzee yule akavuta mrija, akameza, akasema, "Akilipata hilo gari, sisi hatumpati." Baba mkubwa akacheka kidogo. "Mwacheni ajaribu kwanza," alisema. "Mtoto akijaribu, kuna ubaya gani?" Baada ya hapo nikasikia sauti ya mama mkubwa, lakini maneno yake sikuyapata. Alikuwa na desturi ya kusema chini mbele ya wageni, na usiposoma midomo yake hukuelewa kitu. Nilichosikia ni wazee wale wakisema, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Nilifurahi. Niliona baba mkubwa amenitetea. Naandika hayo kwa hasira, maana msichana yule aliyefurahi juu ya gunia ningependa nimrudie nimtikise mabega.

Leseni yangu ilikuwa ya tambarare. Nilijifunzia uwanja wa mpira, kuzunguka magoli, na barabara ya lami ya mjini ambako tatizo kubwa ni mbuzi. Njia za kwetu ni kitu kingine. Mvua ikinyesha, njia ya Murusagamba inakuwa sabuni, na kati ya ghala na vijiji vya chini kuna mto ambao haukuwa na daraja wakati ule na hauna daraja leo, ingawa kila uchaguzi umepita na kuliahidi, na wapo wazee waliokufa wakilisubiri. Mradi uliogopa kumkabidhi mtu gari bila kumwona mtoni. Wakaleta waongozaji kutoka Mwanza, watu ambao kazi yao ilikuwa kuwatembeza wageni porini kwa magari, waje watufundishe siku nzima namna ya kuendesha mahali pasipo na barabara. Atakayefanya vizuri angepewa gari siku hiyohiyo. Tuliobaki kwenye mchujo tulikuwa wawili: mimi, na Masanja, kijana wa Kisukuma kutoka Bisibo, ambaye wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga.

Asubuhi ile mama mkubwa aliamka kabla yangu. Nilipotoka nilimkuta ameinama jikoni, moshi umejaa, amepika ndizi na maharage kwa mawese, chakula ambacho kwa kawaida kilikuwa cha mchana wa Jumapili. Akanipakulia sahani ya kwanza nikiwa nimesimama, na nyingine akaifunga kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni, akalikaza kwa kamba ya mgomba. "Usiendeshe na njaa, mwana wanje," aliniambia. Mwanangu. Akanifuta masizi shavuni kwa kidole gumba alichokilowesha mate, kama nilikuwa na miaka mitano. Baba mkubwa alikuwa bado ndani. Nilimwamkia kupitia mlangoni, shikamoo baba, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyegeukia ukutani. Nilidhani ana usingizi.

Kiongozi wa waongozaji aliitwa Mwalimu Chuwa, mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa na miguu iliyojaa matope hata kabla kazi haijaanza. Walikuwa wamesimamisha turubai karibu na mto, wamefunga vitambaa vyekundu kwenye vijiti kuonyesha njia ya kupita, na watu walikuwa wamejaa kama siku ya mechi: watoto juu ya kichuguu, akina mama na majembe yao begani, wazee kwenye magogo. Chuwa hakuwajali. Alitufundisha kutoa upepo kidogo kwenye matairi ili yakanyage tope kwa upana. Alitufundisha kushika usukani vidole gumba vikiwa nje, kwa sababu gurudumu likigonga jiwe usukani unajizungusha wenyewe na unavunja kidole. Alitufundisha kwamba kabla ya kupita mahali usipopajua, unashuka, unavua viatu, unapapita kwa miguu na fimbo. Halafu akatuweka mbele yake, akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Ukiwa ndani ya gari huoni gurudumu lako. Anayeliona ni aliye nje. Kwa hiyo unamtazama mtu mmoja. Mmoja tu. Mimi. Nikikunja ngumi, simama. Nikilaza mkono huku, geuza huku. Watu watapiga kelele, watapunga, watakuita. Hata akija Rais akakupungia, macho kwangu." Masanja akacheka. Mimi nikasema ndiyo, mwalimu. Na nilidhani nimeelewa.

Kisha tukapanda kilima, na hapo, kama kuna haki duniani, siku ile ingeishia. Chuwa alikaa kando yangu, akaniambia niweke gia ya kwanza, ile nzito, niondoe miguu yote miwili, nisiguse breki kwa lolote. Chini yetu kulikuwa na mteremko ambao mimi nilikuwa nikiuteremka kwa makalio nikiwa mtoto. Gari likainamisha pua. Nikaona mbingu inapotea, nikaona ardhi tu kwenye kioo, na mwili wangu wote ulitaka kukanyaga breki. Sikukanyaga. Lile gari likashuka taratibu, linanguruma, linajizuia lenyewe, nami ninaliongoza kwa vidole tu, mpaka tukafika chini na mbingu ikarudi. Nilicheka kwa sauti. Sijawahi kucheka vile katika nyumba yoyote niliyoishi. "Safi," alisema Chuwa. "Wewe unasikia gari." Nilirudia peke yangu, nikarudia tena. Masanja kwenye mteremko uleule alikanyaga breki, gari likateleza likakaa ubavu, Chuwa akamfokea. Mchana ulipofika kila mtu pale chini ya turubai alijua gari ni la nani. Masanja mwenyewe aliketi karibu nami na sahani yake ya pilau, akasema, "Dada, ukishakabidhiwa utanipa lifti mpaka Bisibo." Nikafungua jani la mgomba la mama mkubwa, tukala wote. Mawese yalikuwa bado hayajaganda.

Baada ya kula ikabaki kuvuka mto. Asubuhi nilikuwa nimeshaupita kwa miguu kama tulivyofundishwa, sketi nimeifunga kiunoni, fimbo mkononi. Nilijua kila kitu. Upande wa juu kulikuwa na mawe, mabaya kuyaona, lakini yamekaa imara. Upande wa chini maji yalikuwa yametulia na ukingo ulikuwa laini, mahali pazuri kabisa kwa macho, na hapo ndipo ng'ombe walipokuwa wakinywea, wakapachimba kwa kwato mpaka fimbo yangu ikazama yote. Nililigusa lile shimo kwa mkono wangu. Mtu asije akaniambia sikulijua.

Masanja akatangulia. Chuwa alisimama ng'ambo, kwenye maji, mikono juu. Gari lilipoingia tu, wazee wote waliokuwa kwenye magogo waliinuka. Huku kwetu gari likiwa matatani ni la kila mtu. Wakaanza kupunga fimbo na kofia, kila mmoja na njia yake, wanapiga kelele kwa Kihangaza na kwa Kiswahili chetu kisicho na l, "Kuria! Kuria kabisa! Rudi! Kanyaga!" Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuendesha hata baiskeli yenye gia. Masanja akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti, "Shikamooni wazee!", akarudisha kichwa ndani, akamtazama Chuwa, akapita juu ya mawe anarukaruka mpaka ng'ambo. Baadaye aliniambia alidhani wanamshangilia. Hawakuwa wazee wake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtuma maji, kumchapa, au kumpa mfupa wenye nyama. Alikuwa huru kuliko mimi pale mtoni, na hakufanya lolote kuupata uhuru huo zaidi ya kuzaliwa kwingine.

Zamu yangu ikafika. Niliingia majini na macho yangu kwa Chuwa. Alikuwa ananipeleka upande wa juu, kwenye mawe, polepole, mkono wake umelala. Wazee walikuwa wanapiga kelele, nami nilikuwa nawasikia kama mvua kwenye bati. Ningepita. Sina shaka, ningepita. Kisha pembeni ya jicho nikaona koti. Baba mkubwa alikuwa na koti moja tu la maana, la kahawia, la kwenda kanisani, na lilikuwa limesimama ukingoni upande wa chini, pale kwenye maji yaliyotulia. Hakuwepo asubuhi yote. Hakupiga kelele kama wenzake. Alikuwa ameinua mkono mmoja, kiganja kwake, ananiita kama alivyokuwa akiniita shambani niende nikachukue mzigo. "Njoo, mwanangu. Njoo huku." Chuwa akakunja ngumi. Niliiona ngumi. Niliiona vizuri kabisa. Mikono yangu ikageuza usukani kuelekea kwenye koti.

Gurudumu la mbele likaingia lote. Gari likalala upande, maji ya kahawia yakaingia kwa mlango mpaka magotini kwangu, injini ikakohoa ikazima. Kata nzima ya Murusagamba ikacheka. Walinitoa dirishani kama mbuzi anayetolewa kisimani, na gari likavutwa kwa waya na Masanja, kwa gari lile alilovukia, huku watoto wakihesabu moja, mbili, tatu. Chuwa alinisubiri nikamue sketi. "Uliniona?" aliniuliza. Nikasema nilikuona. "Sasa?" Nikamwonyesha baba mkubwa kwa kidevu, maana hatuwaonyeshi wakubwa kwa kidole. "Yule ni baba yangu," nilisema. Chuwa akavua kofia, akakamua maji. Sidhani alikuwa mtu mbaya. "Ukiwa na watu ishirini nyuma ya gari na wazazi wako kumi ukingoni," alisema, "nitamkabidhije mtu kama wewe?" Swali hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Darasani walitufundisha kutii, kanisani kutii, jikoni kutii, halafu siku moja anakuja mtu kutoka Mwanza, anataka kwa nusu siku niwe nimeshajua kumkatalia mzazi anayeniita. Na baba mkubwa akapita katikati ya watu, fimbo mkononi, anasema kwa sauti ili wote wasikie, "Amejitahidi! Msichana amejitahidi!" Mpaka leo mtu akiniambia nimejitahidi, natafuta mlango.

Masanja akapewa gari. Hakufurahi, alinipa mkono bila kunitazama, na nadhani angelikuwa na njia ya kulikataa bila kurudi kuchunga, angelikataa. Jioni ile mama mkubwa alinipakulia mnofu wa kuku, sehemu ambayo ilikuwa ya baba mkubwa siku zote. Baba mkubwa alikula mboga za majani, akaenda kulala mapema, na koti lake likabaki limening'inia mlangoni, pindo limelowa. Nilidhani mama mkubwa ananihurumia. Wiki iliyofuata wazee wa Bugarama wakarudi na mtungi mkubwa zaidi, na safari hii sikujisumbua kusikiliza ukutani. Yaliyofuata huko Bugarama yaliniachia jino moja pungufu na uamuzi mmoja. Nilitoka na kanga mbili, nikaenda Kahama, nikaanza kwa kuosha malori ya watu mpaka nikapewa kuyasogeza, kisha kuyaendesha. Hakuna aliyenifundisha. Wakiandika wasifu wangu waandike hivyo.

Basi baada ya misa tulimpakia baba mkubwa kwenye pikapu yangu, tukazike kwao Murusagamba. Nestori na vijana wakakaa nyuma na jeneza, mama mkubwa akakaa mbele, kando yangu, kitenge cheusi kichwani, mikono yake mikavu imeshika mkoba. Tulipoiacha lami na njia ya udongo ikaanza, nikashindwa kuvumilia. "Mama," nilisema, "yule katekista amesema uongo."

"Amesema alichoambiwa."

"Baba hakunifundisha. Baba alinizamisha."

Alitazama mbele. Tulishapita nyumba za Bugarama, ambazo huwa nazipita bila kugeuza shingo, ndipo akasema, kwa ile sauti yake ya chini ambayo sasa hakukuwa na ukuta wa kuizuia, "Hakutaka kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Mtoni, siku ile. Alisema, mwache mtoto afanye mtihani wake. Akalala akageukia ukutani. Mimi ndiye niliyemwambia vaa koti, nenda ukasimame kule ng'ombe wanakonywea. Usipige kelele kama wale walevi. Muite tu."

Mguu wangu ulitoka kwenye eksileta wenyewe. Gari likapunguza mwendo mpaka Nestori akagonga bati kuuliza kuna nini.

"Ulijua nitaenda," nilisema.

"Nilikulea mimi," alisema mama mkubwa. "Nilijua utaufuata mkono gani."

Nikamuuliza kwa nini. Nilipiga kelele, na nafurahi kwamba nilipiga kelele, hata kama nyuma yetu kulikuwa na maiti. Akasema gari huchukua watu. Akasema Masanja alipopewa lile gari alifika Kahama, kisha Tabora, kisha hakuna aliyejua, na mama yake alikufa akimuulizia. "Bugarama ni hapo tu. Nilitaka uwe hapo tu."

"Nilipigwa hapo tu, mama."

"Najua." Akafungua mkoba, akaufunga. "Ndiyo maana sikusema."

"Na yeye? Kwa nini alisimulia vile kila mahali, anajisifu?"

"Akisimulia yeye na watu wakicheka, nani angeniuliza mimi?"

Kuna watu watakaosema hapo ndipo ningemsamehe mzee, kwa kuwa alimfunika mkewe maisha yake yote. Mimi sikumsamehe. Ule mkono ulikuwa wake. Ungeweza kukaa mfukoni mwa koti. Nilichogundua ni kwamba hasira yangu, ambayo nilikuwa nimempa mtu mmoja kwa miaka yote hiyo, ilikuwa inawatosha wawili bila kupungua, na mmoja wao alikuwa amekaa hapa kando yangu, anasema ana kiu, na mimi ndiye niliyempa chupa ya maji.

Mto tuliukuta umejaa tope la mvua ya usiku. Ng'ambo walikuwa wamejaa watu wa kumpokea marehemu, na nilipoinamisha pua ya gari ukingoni wanaume wote, wengine wakiwa ni wale watoto wa juu ya kichuguu ambao sasa ni watu wazima, wakaanza kupunga mikono, huku, huku, kuria, rudi. Nikazima injini. Nikashuka, nikavua viatu, nikakunja gauni la msiba, nikaingia mtoni na fimbo mbele ya jeneza na mbele ya watu wote, nikauchokonoa mto mahali pote huku wakinung'unika kwamba namchelewesha maiti. Shimo la ng'ombe lilikuwa palepale. Nikarudi, nikapanda na miguu yangu ya matope, nikafunga kioo mpaka juu, na kelele zao zikabaki nje.

Nilipoweka gia ya kwanza, mama mkubwa akainua mkono. Nadhani hata hakujua kama ameuinua. Kidole chake kilielekea upande wa chini, kwenye maji yaliyotulia. "Pita huku, mwanangu," alisema. "Huku pazuri."

"Mama," nilimwambia, "shusha mkono."

Sikuwa nimewahi kumwambia mkubwa yeyote neno kama hilo, na lilitoka bila adabu yoyote, bila tafadhali, bila samahani. Alinitazama. Kisha akaushusha, akauweka mapajani, akaufunika kwa ule mwingine, na tukapanda juu ya mawe tukitikisika, yeye na mimi na baba mkubwa nyuma yetu, mpaka ng'ambo.